Kijana wangu ana CF (sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi), anakula vizuri ila uzito unashuka, kuna aliyepitia?

mama_tanga_uk
Habarini wapendwa, usingizi sina. Mwanangu ana 13, tuko Uingereza, ana sistiki faibrosisi, walimgundua angali mchanga kwa ile damu ya kisigino. Utotoni shida ilikua kifua na choo, choo kina mafuta kinaelea na kunuka balaa, akapewa vidonge vya vimeng'enya, vile vya kusaidia kusaga chakula, akatulia, na tangu aanze dawa ya CF iitwayo Kaftrio kifua kimekua kizuri kweli. Sasa toka shule zifunguliwe anakula kama kawaida tena zaidi, ila kashuka kilo mbili, anachoka, wenzie wote wamempita urefu na sauti bado ya kitoto. Shangazi zake Tanga wanasema ni pumu nimpe uji wa lishe. Kwani ugonjwa huu si wa mapafu?

nesi_maskati
Pole sana mama. Mapafu ni sehemu tu. Kuna jeni inaitwa CFTR, ndo inayotengeneza mlango wa kupitishia chumvi kwenye seli, mlango ukiwa mbovu maji nayo hayapiti, basi ute unakua mzito kama gundi. Mapafuni unanasa vijidudu, kwenye kongosho unaziba vijia na ile juisi ya kusagia chakula inabaki humohumo inaila kongosho yenyewe. Ndo maana mafuta yanatoka kama yalivyoingia, na vitamini A, D, E na K zinaondoka nayo. Kwenye jasho ndo chumvi inamwagika, huku kwetu joto likipanda watoto wa CF wanalegea ghafla, tunawaongezea maji na chumvi.
Sasa lako: insulini nayo inatoka kongosho hiyohiyo, na Kaftrio haifuti makovu ya zamani. Ujanani ndo kisukari cha CF kinapoingia, kimyakimya, uzito unashuka kabla hajalalamika kiu. Usingoje kliniki, piga simu kesho utaje hizo kilo mbili, na uulize mara ya mwisho kapimwa sukari lini, maana kuanzia miaka 10 ni kila mwaka. Ikiwa ni sukari USIMNYIME CHAKULA, hiki si kama kisukari cha bibi, yeye anachoma nguvu nyingi kuliko wenzie, atapewa insulini na ataendelea kula. Kubalehe mara nyingi kunachelewa kwa ajili ya lishe hiyohiyo.

kijana_toronto
Shikamoo mama. Mie mwenyewe nna CF, miaka 26. Pamoja na sukari mwulize polepole kama shuleni anameza vidonge vyake. Mie darasa la nane nilikua navitupa msalani, kila nikifungua kichupa watu wanauliza, na ukila chipsi bila vidonge ni kama hujala. Kilichonisaidia ni mtu wa fizio (anaetufanyisha mazoezi ya kifua) kuanza kuongea na mimi peke yangu, mama nje.
Lingine gumu kidogo. Wanaume wa CF karibu wote, kama 98 kwa 100, mirija ya kupitisha mbegu haipo. Mbegu zipo, nguvu za kiume zipo, njia ndo hamna, na daktari anaweza kuzitoa siku akitaka mtoto. Mie nilisoma kwenye simu usiku nna miaka 16, nikakaa nalo mwaka mzima bila kumwambia mtu. Yeye aambiwe na mtu anaempenda.

mkazi_wa_temeke
Naomba kuuliza, mtoto wa dada angu ana 6, katibiwa TB mara mbili, makohozi hayaonyeshi kitu, ukimbusu ana chumvi. Daktari kasema hii CF Waafrika hawapati.

nesi_maskati
@mkazi Wanapata, ni wachache lakini wapo. Hitilafu iliyo nyingi kwa Waafrika ni ile inayoitwa 3120+1G>A, sio F508del ya Wazungu, kwahiyo kipimo cha jeni kikitafuta zile za Kizungu tu kinaikosa. Ulizeni hospitali ya rufaa kipimo cha jasho, kloridi (ile chumvi ya kwenye jasho) ikifika 60 mmol/L hapo mtakua karibu mmeshapata jibu.

mama_tanga_uk
Nimepiga, kipimo cha sukari Alhamisi. Na vidonge nimevikuta chini ya begi, vya wiki nyingi. Sijamgombeza, tumekaa kitandani kwake akalia, kasema hataki kuonekana mgonjwa. Kijana wa Toronto, nikimpa simu utaongea nae?

kijana_toronto
Hata leo mama. Sisi wa CF hatukai chumba kimoja tunaambukizana vijidudu, simu ndo baraza letu.