Nimegawa nusu ya vitu vya ndani najisikia mwepesi, waifu kanuna

Mzee_wa_Uyole:
Wakuu poleni na baridi. Mwezi wa 6 hapa hapa Mbeya tumehama Uyole vyumba vinne tumekuja Ilomba vyumba viwili, kodi ilinishinda sio siri. Siku ya kupakia kwenye kirikuu ndo nikaona maajabu, mablanketi 9 na tupo wanne, masweta ya mitumba ya soko la Sido mengine sijawahi hata kuvaa, pasi mbovu tatu, na lile kabati la vyombo vya wageni ambalo toka tuoane 2011 limefunguliwa labda mara tatu. Nikasema hivi havipandi gari. Blanketi tano nikampa bibi jirani anayelea wajukuu, makoti nikawapa vijana wa bodaboda wanaoamka saa kumi alfajiri, na baridi ya Uyole mnaijua. Usiku ule nililala fofofo. Waifu anasema nagawa kama mtu anayeaga. Kuna mwingine imemtokea? Maana sasa jicho langu lipo kwenye kabati.

Kamwene_Iringa:
Kamwene mkuu, hujarogwa. Watafiti kina Dunn, Aknin na Norton waliandika kwenye jarida la Science 2008, waliwapa watu hela asubuhi, wengine dola 5 wengine 20, kuna walioambiwa mjitumie na walioambiwa mtumieni mtu mwingine. Jioni waliotumia kwa wengine ndo walikuwa na furaha zaidi, na wa dola 5 hakupitwa na wa 20. Baadae wakaangalia na Uganda hapo jirani, mambo yakawa yale yale.

Mama_Kabichi:
Hayo ya dola sijui, ila vitu vichache ni raha kwa aliyechagua. Sisi Makambako tulilala watoto wanne blanketi moja na hakuna aliyefurahi, ni kuvutana mpaka kunakucha. Halafu kaka, ulimuuliza mwenzio? Vyombo vya wageni si vyako hivyo, kapewa kicheni pati, ukivigusa umewagusa wote waliomchangia. Ulichotoa kama ni cha mwenzio hapo umetoa nini?

Dogo_Mafiati:
Na hizo pasi usimpe mtu, wauzie wa vyuma chakavu. Anko wangu alikuwa analeta kiroba cha nguo kila Krismasi, suruali zipu imekufa, kiatu mguu mmoja, maza anashukuru weee afu zinaishia kuwa matambara ya kudekia. Mwaka mmoja akaja na debe la viazi kutoka shambani kwake Isyonje, vile alivyokuwa anakula yeye mwenyewe, na hiyo ndo siku tunayoisimulia mpaka leo.

Mzee_wa_Uyole:
Mama Kabichi umenigusa penyewe. Nimemuuliza jumapili, kumbe lile blanketi la bluu mama yake alilibeba kutoka Tukuyu mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mi nilikuwa safarini. Nikarudi kwa bibi na aibu yangu, nikanunua jipya la kufidia, bibi akacheka mpaka akakaa chini, kanitolea la bluu limeshafuliwa na kichane cha ndizi juu. Waifu hajasema kitu. Jana jioni namkuta kafungua kabati mwenyewe anahesabu sahani, eti sita zipelekwe Chimala kwa mdogo wake aliyeanza mgahawa, ila chupa ya chai nisiiguse.