Kikombe cha unga ni gramu ngapi hasa? Naomba ushauri

Wakuu habari za leo. Niko Nyegezi hapa Mwanza, naoka keki na maandazi ya kuuza. Miaka yote nimepima kwa kikombe, na unga nanunua kwa sado. Mwezi uliopita nimenunua mzani mdogo wa jikoni nikidhani shida zimeisha. Kumbe ndiyo zimeanza!

Nilipima kikombe kimoja cha unga wa ngano mara tatu. Nikichota moja kwa moja kwenye ndoo na kushindilia, gramu 150. Nikichota bila kushindilia, 138. Nikichekecha kwanza, kisha nikajaza kwa kijiko na kusawazisha kwa kisu, 121. Kikombe kilekile, unga uleule! Ukizidisha kwa vikombe vinne, tofauti inapita gramu 100, ndiyo maana keki zangu siku nyingine zinatoka kavu kama tofali. Sukari haina ubishi, inakaa kwenye 200 hivi, na maji mililita moja ni gramu moja.

Jingine, kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni kama mililita 240, changu ni 250.

Sasa, mnaooka kwa biashara, unga mnauhesabu gramu ngapi kwa kikombe? 120 au 125? Na unga wa muhogo je? Huo sijathubutu hata kuugusa. Mafuta ya alizeti nayo mnapima kwa mzani, au mmeyaacha kwenye kikombe?