Gari lilivutwa usiku, yadi ikaanza kuhesabu siku kabla sijajua. Tudai nini kwenye sheria ndogo?

MamaTunu

Habari zenu wana jukwaa. Halmashauri yetu imetoa rasimu ya sheria ndogo za kuvuta na kuhifadhi magari, na wananchi tumepewa wiki tatu za kutoa maoni. Nimeisoma mara tatu. Naomba mnisaidie kuandika maoni yatakayosikilizwa, maana jambo hili limenikuta na sitaki limkute mwingine.

Mume wangu alizidiwa Alhamisi jioni. Nilimkimbiza kwa gari letu hadi zahanati ya karibu. Mbele ya zahanati palijaa, nikaegesha kwenye uwanja wa maduka ulio ubavuni. Daktari alipomwona akasema hapa hatuwezi, likaitwa gari la wagonjwa, nikapanda naye. Niliporudi Jumamosi asubuhi nilikuta nafasi tupu na doa la oili. Uwanja mzima hauna bango hata moja linalokataza kuegesha. Nikaenda polisi kuripoti wizi. Kwenye kitabu chao hapakuwa na taarifa yoyote, kwa hiyo nikaandikisha maelezo ya gari lililoibwa, kumbe gari lenyewe liko kwenye yadi, mwendo wa dakika ishirini tu kutoka pale nilipokuwa nimekaa.

Nililipata Jumatatu, baada ya muuza duka mmoja kukumbuka rangi ya lori lililolivuta. Kwenye kioo cha mbele walikuwa wameandika kwa wino wa njano: namba 41, tarehe ya Alhamisi, saa 5:50 usiku. Nikapiga picha kabla sijasema neno. Hati ya malipo ilihesabu siku tano, Alhamisi hadi Jumatatu. Hiyo Alhamisi yao ni dakika kumi! Jumamosi na Jumapili yadi imefungwa, hata ningejua gari liko pale nisingeweza kulitoa. Hifadhi peke yake ilizidi gharama ya kuvuta, na juu yake wakaweka "ada ya lango" na "ada ya utawala". Malipo ni taslimu tu.

Kilichoniuma kuliko pesa ni bahasha. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na bahasha ya kaki yenye picha za eksirei na majibu ya vipimo vya mume wangu, na hospitalini walikuwa wanayaulizia. Nikamwomba kijana wa dirishani anipe bahasha tu, gari libaki. Akasema vilivyomo ndani vimeshikwa pamoja na gari. Nilisimama pale naiona kupitia kioo, ufunguo nimeushika mkononi, na sikuruhusiwa kufungua mlango wangu.

Tangu siku hiyo gari linalia chini, sauti ya kuvuma inayopanda kadiri ninavyoongeza mwendo. Ni gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne.

Rasimu inasema mvutaji awe na leseni, na kwamba "ada ya hifadhi itatozwa kwa siku". Basi. Nilipomuuliza diwani wetu kuhusu bei alinijibu kwamba biashara ya mtu haipangiwi bei. Ni kweli? Na saa ya yadi ianze kuhesabu lini?

---

KaraniMstaafu

Mama Tunu, pole kwa kuuguza. Nimekaa idara ya sheria ya manispaa miaka 19. Rasimu za namna hii zimepita mikononi mwangu, na nyingine zilipita zikiwa na upungufu huu huu, jambo linalonisikitisha hadi leo.

Nianze na diwani. Soko hupanga bei pale mteja anapoweza kusema hapana. Gari likikuharibikia njiani, ukawapigia simu wavutaji watatu na kumchagua mmoja, halmashauri haina sababu ya kuingilia. Lakini gari lililovutwa bila wewe kujua, nani alijadili bei? Aliyeita lori halipi, na anayelipa hakuita. Hata Marekani, ambako sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 iliyazuia majimbo na miji kuwapangia bei wasafirishaji wa mizigo barabarani, mwaka uliofuata Bunge liliacha mlango wazi kwa hili moja: bei ya kuvuta gari bila ridhaa ya mwenyewe inaweza kupangwa. Mpelekee hoja hiyo. Kisha dai rasimu itenganishe kuvuta kwa ridhaa na kuvuta bila ridhaa, maana kwa unavyoieleza imevitia kapu moja.

Sasa saa. Yadi inayolipwa kwa siku haina sababu ya kukutafuta, kwa kuwa kila siku unayohangaika nayo inaingia kwenye hati ya malipo. Kuwasihi wawe waungwana hakusaidii. Funga malipo kwenye taarifa: yadi isihesabu hata saa moja mpaka iwe imewaarifu polisi namba ya gari, lilikotolewa, lilipo, na nani aliagiza livutwe. Jimbo la California huko Marekani linataka kampuni iliyovuta gari kutoka eneo la mtu binafsi iwaarifu polisi ndani ya dakika 60 tangu gari liondolewe, au dakika 15 tangu lifike yadi, muda wowote ulio mfupi zaidi. Kwa utaratibu huo, Jumamosi ile askari angefungua kitabu akakwambia gari lako liko wapi.

Na neno "siku" liondolewe kabisa. Waandike "saa 24 kamili tangu taarifa ilipopokelewa". Neno likibaki "siku", gari likiingia dakika kumi kabla ya saa sita usiku litalipiwa mbili kabla jogoo hajawika, na wakili wa yadi atasimama na kusema sheria imeruhusu.

Kuhusu bahasha: deni ni la gari, basi kinachoshikwa ni gari. Chochote ambacho hakikufungwa kwenye gari kwa bolti kitolewe bure, saa zote za kazi, kwa kitambulisho na sahihi. Ukikuta mtu anabishia kifungu hicho mkutanoni, mpe mfano wa dawa za mgonjwa zilizobaki ndani ya gari.

---

NjiaNne

Mimi naona mnawahurumia. England na Wales walimaliza ubishi mwaka 2012: kufunga gurudumu au kuvuta gari kwenye eneo binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai. Mwenye eneo akikerwa, anatuma dai la malipo. Kwa nini nasi tusikataze moja kwa moja? Mtu ameacha gari kwa sababu mume wake anapigania uhai!

---

MvutaMagari

Dada, pole sana. Nina malori mawili na yadi ndogo, na yaliyokukuta yananiudhi kwa kuwa ndiyo yanayotufanya sote tuonekane wezi.

NjiaNne, ukikataza kabisa, njoo ukae na mwenye jengo ambaye lango la gari la zimamoto limezibwa tangu asubuhi. Dai la malipo haliondoi gari. Ila kila gari liwe na karatasi yake, iliyosainiwa na mwenye eneo au msimamizi wake wakati gari linavutwa, yenye saa na sababu. Kibali cha jumla kinachosema "vuteni mtakalolikuta" ndicho kinachozaa lori la kuzunguka usiku kuwinda. Na msiwasahau wenye viwanja wanaotaka walipwe kwa kila gari linalovutwa. Niliwahi kuombwa hivyo. Nilikataa, na kazi ya uwanja ule ikaenda kwa mwingine. Mwandike wazi kwamba ni marufuku kutoa wala kupokea.

Bango nalo lipewe vipimo. Wakiandika tu "bango linaloonekana", litabandikwa nyuma ya mti. Huko California ni angalau inchi 17 kwa 22, herufi zisipungue inchi moja, na lazima liwe na simu ya polisi na ya mvutaji. Na mwenye gari akitokea lori likiwa bado uwanjani, ashushiwe gari lake. Kule akilikuta limeshafungwa kwenye lori, analipa kisichozidi nusu ya gharama ya kuvuta.

Mahali ninapopingana nanyi ni malipo ya Jumapili. Mlinzi wangu analipwa Jumapili, bima inaendelea Jumapili. Nina magari kumi na moja ambayo wenyewe hawatakuja kamwe, yamekaa mpaka nyasi zimeota kwenye magurudumu, na kuyauza hakurudishi hata gharama ya kuyaleta. Mkitupangia bei ya chini mno, wenye leseni watafunga na mtabaki na wasio na leseni. Ombeni hivi: yadi itakayomtolea mtu gari lake ndani ya saa moja tangu apige simu, siku yoyote, itoze siku hiyo. Isiyofungua isitoze.

---

FundiDifu

Mama Tunu, acha kuliendesha. Nikisikia mvumo unaopanda na mwendo kwenye gari la magurudumu manne lililotoka yadi, la kwanza ninalofikiria ni kwamba liliburutwa magurudumu mawili yakiwa chini. Ya mbele yamenyanyuliwa, ya nyuma yanazunguka, na kati yao kuna mtambo unaoyaunganisha. Unazungushwa upande mmoja huku mwingine umesimama, tena kwenye magari mengi injini ikiwa imezimwa pampu ya oili haifanyi kazi, basi vyuma vinasagana vikavu. Gari kama hilo hubebwa juu ya lori lenye jukwaa, au magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vigari vidogo.

Mwambie fundi amwage oili ya difu (gia za kwenye ekseli) na ya ule mtambo kwenye chombo safi, mbele yako. Ikitoka imeungua, nyeusi, inang'aa chembe kama unga wa fedha ukiipitisha kidoleni, piga picha na uhifadhi kidogo kwenye chupa yenye tarehe. Akuandikie pia kilomita zilizosomeka siku hiyo, ili asije mtu akasema umeliendesha mwezi mzima ndipo ukalalamika.

---

MamaTunu

Asanteni sana, Mungu awabariki. Kaka MvutaMagari, kifungu chako cha Jumapili nakichukua kama ulivyokisema, ni cha haki kuliko nilichotaka kuandika mimi. NjiaNne, hasira yako ninaielewa, lakini nami nisingependa gari la wagonjwa lile likute njia imezibwa.

Nina swali moja kwa Mzee Karani. Nilipolalamika pale dirishani niliambiwa "lipa kwanza, malalamiko baadaye", na hiyo baadaye haina tarehe. Na rasimu inairuhusu yadi kuuza gari "lililotelekezwa" bila kusema ni lipi hilo. Je, mume wangu angelazwa miezi mitatu nami nikawa namuuguza?

---

KaraniMstaafu

Umeuliza penyewe. Usitegemee mahakama ikuwekee tarehe. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi kwenye shauri la mtu wa Los Angeles aliyelipa dola 134.50 kulitoa gari lake kisha akasubiri siku 27 kusikilizwa. Ikasema ucheleweshaji huo haukuvunja katiba, kwa kuwa gari alikuwa nalo tayari na kilichobishaniwa ni pesa tu. Kwa hiyo tarehe iwekwe na sheria yenyewe. California, gari likishikwa kwa amri ya mamlaka, mwenyewe ana siku 10 za kuomba kusikilizwa, na lazima asikilizwe ndani ya saa 48, ukiondoa mwisho wa wiki na sikukuu. Ongeza kwamba anayesikiliza asiwe yule aliyeagiza gari livutwe, na akikuta lilivutwa isivyo halali mwenyewe asibebe gharama.

Kuhusu kuuza, kuna shauri la jimbo la New Hampshire lililofika mahakama hiyo hiyo mwaka 2013. Mtu alikuwa mgonjwa, gari lake likavutwa kutoka maegesho ya nyumba alikopanga, na kampuni ikalikabidhi kwa mtu mwingine ingawa wakili wake alikwisha kuwaambia analitaka. Kampuni ikajitetea kwamba majimbo hayawezi kuwagusa wasafirishaji. Majaji wote wakakataa: gari lililokaa yadini halisafirishwi tena, na dai la jinsi lilivyotunzwa na kuuzwa linaweza kusikilizwa kwa sheria ya jimbo. Ndiyo maana nakusihi rasimu iwe na sura mbili, ya kuvuta na ya kuhifadhi. Kwenye ya pili mwandike barua kwa mmiliki aliyeandikishwa, nakala polisi, muda wa kujibu, na kwamba mmiliki akishajitokeza kulidai, mnada unasimama. Kilichobaki baada ya deni ni chake.

---

MamaTunu

Nimeandika kurasa mbili na nusu. Ya kwanza kabisa ni saa, ya pili bahasha. Oili imemwagwa leo asubuhi, imetoka nyeusi na inang'aa vile vile fundi alivyosema. Chupa ninayo, nitakwenda nayo mkutanoni pamoja na picha ya kioo chenye wino wa njano. Mume wangu ameruhusiwa jana, ndiye aliyenisomea makosa ya tahajia.