Nimweleze mkunga kwamba nilikuwa navuta bangi?

Mama Kijacho, Tabata

Dada zangu na mama zangu, naomba ushauri. Mimba yangu ya kwanza sasa ina wiki 14. Kabla ya kujua kwamba ni mjamzito nilikuwa navuta bangi mwisho wa juma, ikichanganywa na tumbaku, na tangu nilipopima na kuona mistari miwili sijaigusa tena. Karibuni naanza kliniki, na mume wangu atafuatana nami kwa sababu wenza hutakiwa kupima virusi vya UKIMWI pamoja katika hudhurio la kwanza. Yeye hajui habari hii. Mkunga akiniuliza habari za pombe, sigara na dawa za kulevya, nijibu ukweli mume wangu akiwa ameketi pembeni? Je, jibu hilo litaandikwa kwenye kadi, ambayo nyumbani kwetu hata mama mkwe huifungua? Na bangi haitaonekana kwenye mkojo?

Mkunga wa Ilala

Mdogo wangu, hongera kwa ujauzito na kwa kuacha. Nianze na mkojo, maana ndio unaowatisha wengi: kwa kawaida kliniki tunauangalia protini na sukari, kwa ajili ya kifafa cha mimba na kisukari, wala hatutafuti bangi. Ndiyo maana mkunga hawezi kujua jambo hili usipomwambia mwenyewe.

Kulijua kuna faida. Kemikali ya bangi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na utumiaji wakati wa ujauzito umehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito pungufu, yaani chini ya gramu 2,500, na pia kuzaliwa kabla ya wakati. Tumbaku nayo hudumaza ukuaji, kwa hiyo usiisahau unapoeleza. Wewe umeacha mapema, na hilo ni jambo jema sana; lakini mkunga akijua ulitumia kwa kiasi gani na uliacha lini, atafuatilia kwa makini kimo cha mfuko wa uzazi, uzito wako na wingi wa damu, na akiona mtoto hakui inavyotakiwa atakupeleka kwenye kipimo cha utrasaundi bila kuchelewa. Tafadhali usinywe dawa yoyote ya mitishamba unayoambiwa kwamba inasafisha damu, kwa sababu hiyo inaweza kukuletea madhara mapya.

Kuhusu mume, si lazima ulizungumze mbele yake. Utakapopanda kitandani kupimwa tumbo, pazia likiwa limevutwa, mwambie mkunga kwa sauti ya chini: "Nesi, nina jambo langu, naomba tuongee wawili." Sisi tumezoea ombi hilo. Mwulize pia, kabla hujaeleza, ataandika nini kwenye kadi, na umfahamishe kwamba kadi hiyo inasomwa na watu wengine nyumbani.

Bi Mtoni

Samahani, mimi ningenyamaza. Katika zahanati moja niliyohudhuria, nesi alirudia maneno ya mama mmoja kwa sauti, na benchi zima likasikia. Bangi imekatazwa na sheria, na mtaani kwetu jina likishachafuka halisafishiki. Aliyekwisha kuacha anatafuta nini tena?

Mkunga wa Ilala

Dada, ulichokisimulia ni kosa kubwa la kikazi, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni sehemu ya maadili yetu, na mama yule alikuwa na haki ya kumwona mfawidhi wa kituo na kulalamika. Sheria unayoitaja ipo, ile ya mwaka 2015, lakini mkunga si mpelelezi. Ninachohofia zaidi ni mama anayenyamaza na baadaye kichefuchefu kikamzidi, akarudia bangi kwa kuambiwa kwamba inatuliza, wakati kliniki angepewa dawa salama ya kuzuia kutapika. Na endapo mama anayeendelea kuvuta atahitaji upasuaji, mtaalamu wa usingizi anapaswa kujua, kwa sababu bangi huingiliana na dawa anazotumia.

Kama mhudumu wa kwanza hana staha, Mama Kijacho, hulazimiki kumfungulia moyo yeye. Mtafute mwingine katika hudhurio linalofuata, kwa kuwa utakwenda mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane.

Mama Kijacho, Tabata

Nashukuru sana, dada. Nitalisema wakati wa kupimwa tumbo, na suala la kadi nitaliuliza kwanza. Kuhusu mume wangu bado natafakari. Je, niliyoyavuta zamani yanaweza kuingia kwenye maziwa yangu?

Mkunga wa Ilala

Kemikali hiyo hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa majuma kadhaa, kisha hutoka. Wewe bado una miezi mingi kabla ya kujifungua, kwa hiyo usipoirudia utamnyonyesha mtoto wako bila wasiwasi. Marafiki zako wakikutembelea baada ya kujifungua, waombe wasivutie ndani.