Majirani Oregon: pesa za bustani zinatoka wapi

*Mama Neema:* Habari za jioni majirani. Manispaa inanunua kiwanja cha bustani mpya kule nyumba zinakojengwa, huku bembea za bustani ya zamani zimekatika minyororo. Si waanze na bembea?

*Baba Idi:* Hawawezi, mama. Kiwanja kinalipiwa na SDC (System Development Charge), ile ada anayotozwa kila anayejenga. Sheria ya jimbo letu la Oregon ya 1989 inairuhusu kwa mambo 5: maji safi, maji taka, maji ya mvua, usafiri na bustani. Uendeshaji na matengenezo imeukataza. Kukata nyasi, mishahara, mnyororo wa bembea, hakuna.

*Kaka Juma:* Hata wakinunua bembea mpya kabisa?

*Baba Idi:* Ukitoa 4 ukaweka 4, hayo ni matengenezo. Ukiongeza nyingine 4, au uwanja wa matope ukaufanya uchezeke mwaka mzima, hapo bustani inabeba watu zaidi. Ile nyongeza inalipika.

*Dada Rehema:* Nyongeza tu, na ndipo miji mingi inapokwama. Tuseme njia ya baiskeli ni dola milioni 2. Wataalamu wakiona 40% ni ya watu watakaohamia, SDC inatoa laki 8 basi. Milioni 1.2 itoke kwenye hati fungani, kodi iliyopigiwa kura au ruzuku. Isipopatikana, akaunti inajaa na njia haijengwi. Watu husema pesa zimeliwa, kumbe zimelala.

*Mama Neema:* Na ada yenyewe wanaikokotoaje?

*Dada Rehema:* Mfano tu, si wa mji wowote. Miradi ya ukuaji dola milioni 20, watu wapya 5,000, kila mtu 4,000. Nyumba ikihesabiwa watu 2.5 inalipa 10,000. Fleti ya watu 1.8, 7,200. Kagueni sana ile 5,000. Wakija nusu yao, nusu ya pesa haiingii, na ardhi haiwasubiri, bei inapanda tu.

*Kaka Juma:* Hiyo 10,000 si anabebeshwa mnunuzi? Nyumba zenyewe hazishikiki 😩

*Baba Idi:* Soko likiruhusu, ndiyo. Lisiporuhusu, mjenzi anampunja mwenye ardhi. Ubaya hasa ni ada ya bei moja: kijumba cha futi za mraba 800 kinalipa sawa na jumba la 4,000. Mimi naunga mkono ipimwe kwa ukubwa.

*Mzee Salum:* Kwani mjenzi asiambiwe tu aachie kipande cha ardhi, yakaisha?

*Baba Idi:* Shikamoo mzee. Mji wa Tigard, hapa hapa Oregon, walijaribu. Florence Dolan alitaka kupanua duka lake la vifaa vya bomba na umeme. Mji ukamtaka aachie bonde la mafuriko la Fanno Creek na ukanda wa futi 15 wa njia ya miguu na baiskeli, jumla kama 10% ya kiwanja. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, ikaukatalia mji. Ulikuwa umekadiria kwamba duka likipanuliwa litaleta safari 435 zaidi kwa siku, lakini kuhusu njia ulisema tu "inaweza" kupunguza msongamano. Mahakama ilitaka mji uonyeshe uwiano kati ya unachodai na athari za ujenzi.

*Mzee Salum:* Marahaba. Basi ndiyo maana wanapenda fedha taslimu.

*Baba Idi:* Nazo zinahojiwa. Kesi ya Sheetz, mjenzi wa California, 2024: alitozwa ada ya barabara dola 23,420. Mahakama ile ile ikasema ada haikwepi kipimo hicho cha uwiano eti kwa sababu imepitishwa na baraza kwa watu wote.

*Mama Neema:* Sasa sisi tuanzie wapi?

*Dada Rehema:* Andikeni barua mjini mkiomba taarifa za SDC. Aliyeomba kwa maandishi lazima aarifiwe siku 90 kabla ya kikao cha kwanza cha kubadili ukokotoaji, na mahesabu yawe wazi siku 60 kabla. Ukishapitishwa, mna siku 60 za kuupinga. Ombeni pia orodha ya miradi. Njia isiyomo humo haipati hata senti. Kwa kila mradi ulizeni: asilimia ngapi ni ukuaji, na iliyobaki inalipwa na nani?

*Kaka Juma:* Na bembea?

*Baba Idi:* Hizo ni za bajeti ya kawaida. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo kamati ya bajeti hukaa majira ya kuchipua. Pelekeni picha, idadi ya bembea mbovu na jina la bustani. Ukienda kuzidai kwenye kikao cha SDC watakusikiliza kwa adabu, halafu basi.

*Mama Neema:* Barua naandika mimi. Juma, picha.

*Kaka Juma:* 👍🏾 Kesho zinafika humu.