Fomu ya Kifunga Mimba

*Kikundi: Nyumba ya Bibi*

Mama: Assalaam aleikum jamaa. Kifunga mimba wetu amepata nafasi ya kusomea uigizaji Nairobi. Ami, fomu yangoja sahihi ya mlezi. Hatutaki kwenda mbele bila neno lako.

Ami: Waaleikum salaam. Mtoto alama za uuguzi anazo. Uigizaji ni kubahatisha.

Khalati: Na Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wetu, je?

Ami: Lupita babake ni profesa, tena mwanasiasa. Ana mgongo wa kuegemea. Huyu wetu ataegemea nini?

Kifunga Mimba: Ami, shikamoo. Naomba niseme. Ni kweli, babake ni Profesa Anyang' Nyong'o. Lakini filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa hapa Kenya, ile iliyotoka 2005, Lupita alikuwa msaidizi tu nyuma ya kamera. Akamwambia Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, kuwa ataka kuigiza. Yule bwana hakumpa maneno ya asali. Alimwambia aingie ikiwa tu hakuna kingine anachokitaka. Nimejiuliza swali hilo mwaka mzima, Ami. Sina kingine.

Kaka Mkubwa: Tena alisoma. 2009 alikuwa Ayira kwenye Shuga, ile tamthilia ya runinga, na mwaka huo huo akatoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, juu ya Wakenya wenye ualbino. Angeweza kukaa hapa na jina lake. Akarudi darasani chuo cha Yale, Marekani, miaka 3, akamaliza 2012.

Khalati: Na ndipo akawa Patsey, yule mtumwa, kwenye 12 Years a Slave. Mimi ile filamu sikuimaliza. Alikwenda shamba la jirani kutafuta sabuni, apate kuoga tu, na kwa sabuni ile akachapwa hadi mgongo ukachanika. Amekishika kile kipande mkononi! Nilitoka nje nikakaa barazani. Kazi ya kumtoa mtu kitini namna ile si mchezo.

Binamu: Bibi yuko hapa kando yangu, asema niandike: "Yule mama muuza mahindi wa Kampala, nilidhani wamemchukua sokoni."

Kaka Mkubwa: Queen of Katwe hiyo, 2016. Ndiye huyo huyo, Bibi.

Binamu: Asema: "Mwambieni ajua kubeba mzigo wa mama."

Mama: Mimi nakumbuka Machi 2014, Jumatatu asubuhi, mahamri yamo kwenye mafuta. Redio ikasema Lupita amepata Oscar. Kifunga mimba alikuwa na miaka 6. Akaniuliza, "Mama, ni mweusi kama mimi?" Nikamwambia kama wewe hasa. Mahamri yakaungua yote. Tangu siku ile hajanyamaza na maigizo, na mnajua shuleni walivyokuwa wakimwita kwa rangi yake.

Khalati: Ndiyo maana nilimtafutia kile kitabu cha Lupita, Sulwe, cha mtoto mweusi kama yeye. Alikilalia kitabu kile.

Ami: Hilo la shuleni sikulijua. Mbona sikuambiwa?

Mama: Alinikataza.

Ami: Karo?

Kaka Mkubwa: Nusu yangu. Nusu tuchangiane.

Ami: Na atakaa kwa nani?

Khalati: Kwangu, South B. Chumba kipo.

Ami: Niletee fomu Ijumaa baada ya swala. Aje nayo mwenyewe, na aje na kitabu hicho nikione.