Kamera ya kwanza: mpya au iliyotumika?

Mwanafunzi, Jinja: Habari zenu. Ninajifunza kupiga picha za harusi na ubatizo, na fedha zangu ni chache. Je, ninunue kamera ndogo mpya, au iliyotumika ambayo lenzi zake hubadilishwa?

Mpiga picha, Kampala: Ndugu yangu, chukua iliyotumika. Nikon D3300 ya mwaka 2014 ina megapikseli 24, zinazotosha kabisa kwa albamu. Ila fahamu kwamba haina ndani yake mota ya kulenga, yaani ya kuifanya picha itoke wazi bila ukungu, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota zitakulazimu ulenge kwa mkono. Kanisani, ambako mwanga ni hafifu, lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, itakufaa kuliko megapikseli nyingi.

Fundi, Entebbe: Naongezea jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Kabla ya kulipa, ielekeze lenzi kwenye mwanga uichungulie ndani: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, ambayo hustawi penye unyevu kama huku kwetu ziwani, na gharama ya kuisafisha huweza kuzidi bei ya lenzi yenyewe.

Mwanafunzi, Jinja: Ahsanteni sana. Nitaikagua mchana, nje ya duka.